Dada, ibandue kwanza hiyo orodha

Ibandue. Umesema umeandika kazi zote za sikukuu za mwisho wa mwaka kwenye karatasi moja, umeibandika kwenye mlango wa friji, na kila mtu hapo nyumbani "atachagua anachoweza". Nimesoma hapo nikashtuka. Mambo ya bajeti, zawadi za watoto na wageni wanaokuja bila taarifa uliyoyauliza yatasubiri, kwa sababu hata bajeti nzuri namna gani itapasuka ukiiacha karatasi hiyo ilivyo.

Mimi nilikuwa na orodha kama yako, tena ya kulipia. Nilimlipa mshauri wa mipango ya nyumbani, akanipa jedwali lenye rangi: nyekundu za haraka, njano za kati, kijani za kusubiri. Nilimuuliza waziwazi, sasa nani anafanya nini? Akanijibu kwamba watu wazima hawapangiwi, mtu akiiona kazi ataifanya. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo damu inachemka. Anayechukua hela ya mtu kumfundisha kupanga, halafu akaruka swali la nani, hajamfundisha kitu.

Kwenye jedwali hilo kulikuwa na mstari "Usafiri wa wazee". Wazazi wangu walikuwa waje kukaa nasi sikukuu zote. Siku moja napita jikoni nikaona mstari ule umetiwa tiki kwa kalamu ya bluu. Nikashusha pumzi, nikahamia kwenye mashuka na magodoro. Wiki ya sikukuu yenyewe mama akapiga simu: gari linaondoka saa ngapi? Nikamuuliza mdogo wangu. Kumbe tiki ni yake, aliiweka kwa sababu alikuwa ameulizia nauli akaambiwa nafasi zipo. Kaka alipoiona tiki akajua tiketi zimeshakatwa. Mume wangu akajua nimelipa mimi, maana mambo ya wazazi wangu huwa nayashika mwenyewe. Nafasi zilikuwa zimekwisha zote. Tukakodi gari zima, na hela ikatoka kwenye ada za watoto. Mwaka mpya nikauanza na deni. Lakini kilichoniuma zaidi ya hela ni mama kufika usiku wa manane, miguu imevimba, anatuomba radhi eti ametusumbua.

Na hapo nyumbani hapakuwa na mvivu hata mmoja. Wote walikuwa wanaisoma ile karatasi kila siku.

Kwa hiyo shika hili, hata ukisahau mengine yote niliyoandika: kila mstari uwe na jina la mtu MMOJA, tarehe, na maneno yanayoonyesha kazi imekwisha. Usiandike "kaka na shemeji", kwa sababu kila mmoja atamtegemea mwenzake. Wala usiandike "usafiri" ukaishia hapo. Andika "tiketi zimelipiwa, picha zake zimetumwa kwa wazee". Tiki haiwekwi mpaka hayo maneno yawe kweli.

Halafu ukimpa mtu kazi, mpe yote. Kuna mtafiti wa Marekani, Allison Daminger, aliyeandika mwaka 2019 kuhusu kazi ya nyumbani inayofanyika kichwani. Aliigawa mara nne: kuona mapema kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia, kuamua, na kufuatilia. Kwenye familia alizozihoji, wanawake ndio waliobeba zaidi ile ya kuona mapema na ile ya kufuatilia. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa "amesaidiwa" na watu watano na bado hapati usingizi. Ukimpa shemeji yako zawadi za watoto, halafu wewe ndiye wa kumkumbusha, kazi hiyo bado ni yako.

Tarehe nazo usiziamini zinavyotajwa. Mwaka 1994 mtafiti wa saikolojia, Roger Buehler, na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Wakakadiria wastani wa siku 34 hivi. Wakatumia zaidi ya 55. Hata walipoambiwa wakadirie kila kitu kikienda vibaya, walitaja siku kama 49, na bado hazikutosha. Basi mtu akikuambia "Ijumaa nitakuwa nimemaliza", mwandikie Ijumaa ya wiki moja kabla ya hiyo, tena akiwepo mwenyewe, akubali.

Bajeti ifuate njia hiyohiyo: mwenye kazi ndiye mwenye fungu lake, na akitaka kuongeza aje aseme kabla hajanunua.

Leo usiku waite wote mezani. Soma mstari mmoja baada ya mwingine, na usihamie unaofuata mpaka mtu atamke "huo wangu". Wakinyamaza, usiuchukue wewe kwa huruma. Ufute, au mkubaliane kumlipa mtu wa kuufanya. Uanze na usafiri, nakuomba. Umeandika kwamba wakwe zako wanakuja siku ileile ambayo kila mtu anasafiri, na nimeusoma ujumbe wako wote sijaona ni nani anayekata tiketi zao.