Waridi la jangwani Dodoma: mwongozo kwa wanaoanza bustani

Wengi wanaohamia Dodoma na kujenga Iyumbu, Nala au Mtumba huanza bustani kwa nyasi na miti ya mapambo waliyoizoea Dar es Salaam. Inapofika Septemba, upepo unarusha vumbi, maji ya bomba yanakuja kwa mgao, na mwenye nyumba anaita boza ili kunusuru majani. Mimi nawashauri mlioanza juzi: pandeni waridi la jangwani kwanza, hayo mengine yatafuata. Kwa jina la kisayansi ni Adenium obesum, na wauza miche wengi husema tu adeniamu. Ni mmea wa ukanda mkavu wa Afrika, kuanzia Sahel hadi kwetu Tanzania. Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ratiba hiyo inaukondesha mpapai wako, lakini waridi hili liliumbwa nayo. Shina lake limevimba chini kama kibuyu, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji ya kiangazi.

Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba limemfia, usiulize alilinyima nini. Uliza alilimwagilia mara ngapi.

Kipindi cha hatari ni Juni na Julai. Usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, majani yanageuka njano na kupukutika, na anayeanza hukimbilia ndoo. Mmea haujafa, umelala. Bila majani haunywi kitu, na maji yanayotuama kwenye udongo wa baridi yanaozesha mizizi. Kabla ya kumwagilia, finya shina. Likiwa gumu, liache. Likiwa limesinyaa na ngozi imekunjamana huku udongo umekauka kabisa, lina kiu, lipe maji kidogo. Likiwa laini upande mmoja na linatoa majimaji, limeoza: ling'oe siku hiyo hiyo, kata mpaka ufikie nyama safi isiyo na doa la kahawia, kisha liweke kivulini wiki nzima au zaidi kidonda kikauke ndipo ulipande tena kwenye mchanga mkavu. Mengi hupona, ila ukichelewa siku chache, uozo ukapanda hadi juu, hakuna dawa.

Udongo ndio nusu ya kazi. Changanya mchanga wa korongoni, ule wa chembe kubwa, na kokoto ndogo, kisha ongeza samadi kidogo iliyooza vizuri. Mchanga laini wa kupigia plasta hushikamana, usiutumie. Ukipanda ardhini kwenye kiwanja chenye mfinyanzi, inua tuta ili maji ya Januari yapite. Ukipanda kwenye chungu, hakikisha kina matundu, na mvua ikikaa siku kadhaa kisogeze chini ya paa. Jua liwe la kutwa. Kivulini litarefuka na kukunyima maua. Yuria iache shambani, maana hapa hutoa majani mengi na shina teketeke.

Kuhusu miche, napendelea ya mbegu. Tawi lililokatwa hushika, lakini kibuyu chake huchelewa kunenepa. Yale ya maua yenye petali nyingi, asili yake vitalu vya Thailand na Taiwan, huwa yamebebeshwa, yaani tawi lake limeunganishwa kwenye shina la mmea mwingine, na bei yake ni ya kujifurahisha. Ukiwa na la kwako linalozaa, funga maganda kwa uzi yanapokaribia kupasuka. Kila mbegu ina manyoya pande zote mbili, na kwa upepo wa Dodoma utazikuta kwa jirani. Zilaze juu ya mchanga zikiwa bado mpya, zifunike kidogo tu, na kwenye joto la Oktoba huanza kuota ndani ya wiki moja hivi. Maua utayasubiri mwaka mmoja hadi miwili.

Kupogoa kufanyike Septemba, baridi ikiisha, ili matawi yaongezeke, kwani maua hutoka kwenye ncha. Hapo kuna jambo moja la kutofanyia mzaha. Utomvu wake ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutengenezea sumu ya mishale ya kuwindia. Vaa glavu, usijifute macho, fukia matawi uliyokata mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki, na kisu ulichotumia kibaki cha bustani, kisirudi jikoni.