Nakala ya orodha iliyonikosesha mteja

Juzi kijana mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nimenakili List yangu, lakini nikigusa nakala, na ile ya mwanzo inabadilika. Nimekosea wapi?" List ni orodha ya vitu katika C#, lugha ya kuandikia programu. Kidonda changu kikatoneka.

Nilipoanza kazi hii nilimwandikia mzee mmoja mwenye duka la jumla Ngamiani programu ya stoo, kwa C#. Asubuhi ihifadhi hali ya mali, jioni ilinganishe na kilichobaki. Nikaandika `var asubuhi = mali;` nikajua nimemaliza. Jioni tofauti ikasoma sifuri. Mchana kutwa nimeshuhudia mifuko ya sukari ikipakiwa kwenye guta, na kompyuta inasema haikutoka hata kilo! Mzee akanitazama. "Mwanangu, wewe na vijana wangu wa stoo mmekubaliana nini?" Neno lile linaniuma mpaka leo.

Mstari ule haunakili chochote, unaipa orodha ileile jina la pili. Usiku nikaweka foreach na Add, yaani kupitia bidhaa mojamoja na kuiongeza kwenye orodha mpya. Kwa udogo wa duka lile kasi yake ingetosha, ila ni mwendo wa kujikokota: List usiyoitajia ukubwa huanza na nafasi 4, ikijaa huhamia 8, kisha 16, na kila ikihama hubeba vyote upya. Ukifikisha bidhaa 100,000 imeshatenga safu 16 za nafasi, moja baada ya nyingine. `new List<Bidhaa>(mali)` hutenga nafasi mara moja na kuhamisha vyote kwa mkupuo, basi nikaandika hiyo.

Jioni ya pili, sifuri tena. Bidhaa ni class, aina ambayo orodha haishiki kitu chenyewe bali anwani yake kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kilichonakiliwa ni anwani tu. Sukari ni ileile moja ndani ya orodha zote mbili. Dawa ilikuwa `mali.ConvertAll(b => new Bidhaa(b))`, inayounda Bidhaa mpya kwa kila iliyomo, na ndani ya Bidhaa uandike konstrakta (sehemu ya kuundia kitu kipya) inayonakili jina, bei na idadi. Nilipoipata, mzee alishampa kazi mtu mwingine.

Wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa kazi hii hapahapa Tanga, bila kukimbilia Dar: orodha ya int (namba nzima) au string (maandishi), `new List` inatosha. Ya class, nakili na vilivyomo kama vitabadilika. Na usimkabidhi mtu programu kabla hujabadilisha kitu upande mmoja ukatazama wa pili. Tazama kwa macho yako! Heshima ya mteja hairudi kwa kuomba radhi.

Kijana nilimjibu hivyohivyo. Saa nne usiku akanitumia picha ya skrini yake: sukari, asubuhi 40, jioni 31.