Mwanagenzi Anaporudi Kwao: Kwa Mnaoanza Kuandika Fantasia

Miswada mingi ya fantasia ninayoletewa na waandishi wachanga ina mkasa mmoja. Kijana aliyetoka kwao zamani anarudi, anakuta mwalimu wake wa uganga ameshafariki, anakabidhiwa fimbo ya marehemu na kwenda kupambana na adui. Mkasa ni mzuri na sina ugomvi nao. Kinachonisikitisha ni haraka. Msiba unapewa ukurasa mmoja, mji mzima unamlilia marehemu kwa sauti moja, mara vita hivyo vimeanza. Ndugu yangu unayeanza, hadithi ya namna hii inakaa kwenye msiba na mirathi. Vita vinaweza kungoja, na pengine usivihitaji kabisa.

Anza na safari yenyewe. Tuseme umeiweka hadithi kwenye visiwa vya Lamu, enzi za vyombo vya matanga. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba na kupeleka vyombo Arabuni. Kaskazi hushika kama Desemba hadi Machi na kuvileta huku. Fundi akifariki Aprili, habari zake zitapanda na chombo cha kusi mpaka Maskati. Mwanagenzi wake aliyeko huko atazipata, atalia, kisha atakaa, maana hana upepo wa kumrudisha. Akija kushuka kisiwani Pate ni Januari. Maziko ya Kiislamu hayamngoji msafiri; marehemu alizikwa siku ileile au kesho yake. Arobaini imeshapita. Mjane amekwisha toka eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, na huenda ameshaolewa. Mali imegawanywa. Mtu wako anafika kwenye msiba ambao wenziwe wote wameumaliza, na yeye ndiyo kwanza anauanza. Upweke huo umeletwa na kusi na kaskazi tu, kabla hujamwita jini wala kutaja laana.

Kwa hiyo usimfikishe siku ya maziko. Waandishi wengi hufanya hivyo kwa sababu jeneza ni rahisi kuliandika. Mfikishe watu wakiwa wameshaanza kucheka tena, na kicheko hicho kimchome.

Halafu ijue sheria ya mirathi kabla hujatunga sheria za uchawi. Kwenye jamii za Kiislamu za pwani, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, yakafuata madeni, ukafuata wasia ambao hauvuki thuluthi, ndipo warithi wakapata mafungu yao. Mwanagenzi hana fungu humo. Amelala nyumbani kwa fundi, amekula sahani moja na wanawe, lakini si damu yake, na kama hakuusiwa kitu hana la kudai. Hapa ndipo fantasia inapopata pa kushika. Keke ya kutobolea mbao, sindano na mbao zenyewe zinagawanyika. Je, uwezo wa kufunga upepo unagawanyika vipi? Nani amerithi mikoba: mwana wa kuzaa ambaye hakujifunza chochote ila alimuuguza babake hadi mwisho, au mwanagenzi aliyejifunza yote kisha akaondoka? Wote wawili wana haki, na mwandishi asifanye pupa ya kumpa mmoja wao.

Niwape mfano nilioutunga kwa ajili ya somo hili, mradi muone ninavyoujenga.

Fundi wangu ni fundi wa mitepe. Mtepe ni chombo cha kushonwa cha visiwa vile: mbao zilitobolewa kwa keke na kuunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila kupigiliwa misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo cha namna hiyo kinahitaji kushonwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo maisha ya mabaharia yamo mikononi mwa fundi mwaka hadi mwaka. Hayo ni ya kweli, wala sikuyaongeza chumvi. Nililoongeza ni moja tu: katika mtepe wa fundi huyu, mshono wa mwisho hushonwa kwa jina la mtu. Akishalinong'ona jina na kukaza kamba, chombo hakizami kamwe. Ila mwenye jina hulipoteza. Mama yake akimwita ulimi unakwama, na kidogo kidogo mji unamsahau ilhali anapita mbele ya macho yao.

Sasa rudi makaburini. Desturi inajulikana: msemaji wa wafiwa hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, wenyewe wapo watamlipa. Kwa kawaida hujitokeza mtu wa duka au aliyemkopesha fedha. Siku ile alisimama mwanamke mmoja kutoka upande wa kando ya boma, akasema, "Namdai jina la mwanangu." Kijana mrefu alikuwa amesimama ubavuni pake, na wengi waliohudhuria ilikuwa mara ya kwanza kumtambua kuwa yupo. Mwana wa fundi akafungua kinywa kujibu, akafunga. Deni hilo lilikuwa halina fedha ya kulilipia. Watu wakatawanyika, na tangu siku hiyo halikutajwa barazani.

Mwanagenzi hakuwepo. Atayasikia haya miezi baadaye, kwa vipande, kutoka kwa watu wenye sababu zao za kusema na za kunyamaza. Kazi yako ni kuvigawa vipande hivyo. Nahodha aliyevuka dhoruba salama na watu wake wote atamwambia fundi alikuwa walii. Yule mama atamwambia alikuwa mwizi. Mjane atasema mume wake aliacha kula siku alipokuwa na mshono wa mwisho wa kushona, na hakuwahi kumweleza kisa. Kila mmoja anasema kweli, tena kweli aliyoiona kwa macho yake. Ukimfanya mama mwenye wivu au nahodha mlevi ili msomaji ajue wa kumwamini, umeiua hadithi kwa mkono wako.

Zaidi ya hapo, mwanagenzi mwenyewe awe na deni. Alisafiri kwenda Maskati kwa chombo gani? Bila shaka kwa mtepe wa fundi wake. Alifika salama kwa jina la nani? Usipoliuliza swali hilo katika rasimu yako, msomaji ataliuliza, na atashangaa mtu wako anawezaje kuwahukumu wengine akiwa amesimama pembeni.

Kama unataka kuona marehemu anavyoweza kuutawala mji, rudi kwa Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa masimulizi ya Waswahili, katika simulizi zinazofungamana na Shaga na Ozi, sehemu za pwani ya Kenya, na katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Watu humkumbuka kwa nguvu zake na kwa mkate wa wishwa uliofichwa tupa. Mimi huwaambia wanaoanza wasome mwisho. Mwanawe mwenyewe amemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, kwa ahadi za sultani wa Pate, adui wa babake. Liyongo anainuka, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kuweka mshale, na hapo anakufa. Haanguki. Watu wanamwona amepiga goti na upinde mkononi, wanaogopa kusogea, na mji unakosa maji. Mama yake anapelekwa akamsihi mwanawe aliyekwisha kufa. Tazama yaliyomo katika tukio hilo: mzazi anayemlilia mwanawe bila kujua kwamba amekwisha kufa, wauaji wanaoona kiu, na mwana anayengoja malipo ambayo hatayapata. Hakuna aliyesimama kueleza maana. Na mpaka leo wataalamu wanabishana Liyongo aliishi karne gani na mashairi yapi ni yake kweli, kwa hiyo ugomvi wa urithi wake haujakatika hata nje ya hadithi.

Huzuni usiitafutie maneno makubwa. Moyo kupasuka na machozi kama mvua msomaji ameshayapita. Mpe mwanagenzi kazi. Aketi ashone, na anapovuta kamba auzungushe mkono kwa namna fundi aliyomkemea nayo tangu utotoni, kisha asimame akingoja kemeo. Kisogo chake kikiwa kinangoja sauti, msomaji atalia mwenyewe.

Kuhusu uchawi sitasema mengi. Kanuni moja ikiwa na gharama inayoeleweka inatosha hadithi fupi na hata riwaya. Ukijikuta unaongeza kanuni ya tatu, chunguza kama hukimbii mazungumzo magumu kati ya mwanagenzi na yule mama.

Mazungumzo hayo yaandike mapema, hata kabla ya sura ya kwanza. Yaandike mara mbili: mara moja mama akiwa ndiye mwenye nyumba na mwanagenzi ndiye mgeni aliyekaribishwa kahawa, mara nyingine wakikutana njiani, hapana pa kukaa. Utagundua ni wapi mama anaweza kusema yote, na mara nyingi si pale ulipopapanga.

Rasimu ikiisha, msomee kwa sauti mtu mzima aliyekaa misiba mingi. Usimuulize kama ameipenda, atakuonea haya. Muulize fundi alimkosea nani na alimfaa nani. Akikujibu upesi kwa upande mmoja, chukua rasimu yako urudi kwa yule aliyemsahau, umwongezee maneno.