Jibu: Kisa kinachekesha kikisimuliwa, kikichorwa kinapoa

Habari ndugu. Umesema marafiki zako hapo Kampala hucheka ukiwasimulia kisa cha mwendesha boda na abiria mwenye mbuzi, lakini wakikisoma kwenye kurasa zako za katuni wanakaa kimya. Michoro sijaiona, ila anza kwa kuhesabu maneno. Kiputo, yaani duara la maneno ya mhusika, kikizidi maneno 25 hivi, msomaji anazama kwenye maandishi na kusahau kuutazama uso wa dereva. Kata bila huruma. Kama mbuzi anaonekana akitafuna kofia ya abiria, usiandike kwamba anatafuna.

Kisha angalia kichekesho kimekaa wapi. Ukurasa wa kulia huwa na namba witiri: mwisho wake weka swali, jibu lije baada ya kufunua, juu ya ukurasa wa 4 au wa 6. Swali na jibu yakiwa kwenye kurasa zinazotazamana, jicho hudokoa jibu mapema na kicheko kinakufa hapo hapo. Anayesema kwanza mchore kushoto.

Kabla ya kupeleka kwa wachapaji wa Nasser Road, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, maana kwenye kijitabu cha kubana pini kila karatasi ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4. Na mjaribishe mtu asiyekijua kisa. Uliyemsimulia tayari hafai kupima.