Jibu: Sensa ya Ayalandi ya 1851 haina jina ninalolitafuta

Habari ndugu. Umekwama kumtafuta babu mkuu wa mkeo, mkulima wa Cork wa ukoo wa Sullivan, katika sensa ya 1851. Kosa si lako: karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea Dublin mwaka 1922, wakati wa vita.

Anza na Griffith's Valuation (1847–1864), orodha ya kukadiria kodi ya ardhi na nyumba za Ayalandi. Inataja aliyeshika kila nyumba au shamba, ila mke na watoto hawamo, inasikitisha. Halafu sensa za 1901 na 1911, bure mtandaoni. Tafuta Sullivan na pia O'Sullivan, maana jina hilo huandikwa kwa namna zote mbili. Umri usiuamini: wengi walijiongezea miaka mwaka 1911, maana pensheni ya wazee, iliyoanza 1909, ilitaka ufikishe miaka 70.