Kwa nini chuo hakikumfukuza

Ndugu, umeuliza iweje chuo cha umma Marekani kishindwe kumfukuza mwanafunzi aliyetoa matusi ya ubaguzi. Kisheria, chuo cha umma ni serikali, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaizuia serikali kumwadhibu mtu kwa maneno yanayokera tu. Chuo binafsi hakibanwi hivyo.

Tazama kesi ya Papish ya 1973. Mwanafunzi wa uzamili Chuo Kikuu cha Missouri alifukuzwa kwa kugawa gazeti lenye katuni ya polisi wakibaka Sanamu ya Uhuru. Inachukiza, sikatai. Mahakama ya Juu ilimpa haki: kuvunja adabu peke yake si sababu ya kuzima fikra chuoni.

Vitisho vya kweli vinaadhibiwa, na vilevile kumwandama mwenzako mpaka ashindwe kusoma.

Matusi hayo yananiuma kama wewe. Lakini rungu la kuadhibu maneno nani atalishika? Mwaka 1960 chuo cha umma cha Alabama kiliwafukuza wanafunzi weusi baada ya kudai tu wahudumiwe chakula kwenye mgahawa wa mahakama uliobagua.