Usimvishe mama bangili ya mapigo kabla hujasoma hili

Kaka, usinunue bado. Umeuliza bangili ipi ya kupashana mapigo ya moyo betri yake inakaa, umvishe mama yako Arua nawe ubaki Kampala, kila moyo wake ukipiga uhisi mkononi. Nilifanya hivyohivyo, mama yangu naye yuko Arua, na roho inaniuma kuona unaelekea shimo lilelile.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu kweli. Nimekwama kwenye foleni Wandegeya, mkono unatetemeka polepole, najua mama kakaa chini ya mwembe wake, katulia. Na msinicheke: nani hapa hajawahi kulala na simu kifuani akimngoja mtu wa mbali?

Usiku mmoja, saa saba, mkono ukanyamaza. Nikapiga simu: imezimwa. Jirani hapokei. Yakanijia maneno ya muuzaji: "Ikitulia, ujue kuna jambo." Nikampigia dada yangu Gulu huku nalia, naye akaamsha shangazi mmoja baada ya mwingine. Nikakodi gari kwa shilingi laki tisa, karo ya watoto ya muhula mzima. Tunafika Karuma, bado tuko njiani, kunapambazuka, ndipo jirani akapiga. Mama alikuwa ametoka kuchota maji. Aliporudi akakuta wanawake wamejaa uani na mikeka yao, wanaomboleza. Akatua ndoo, akauliza, "Nani amekufa?" Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Bando la siku lilikuwa limekwisha, kisha simu ikaishiwa chaji. Basi! Bangili haina laini yake. Inazungumza na simu kwa bluetooth, umbali wa mita 10 hivi, na simu ndiyo inayopeleka mapigo kwa intaneti. Mama akiacha simu ndani akaenda shambani, kimya. Bangili ikilegea, kimya vilevile, maana inasoma damu kwa kitaa cha kijani kinachomulika ngozi, na mikono ya wazee wetu imekonda. Yule muuzaji aliyajua haya yote. Angetumia dakika mbili kunieleza, lakini aliona mtoto anayemkumbuka mama yake, akamuuzia hofu. Sijamsamehe.

Kwa hiyo zima mapigo ya mfululizo, ubakishe mguso wa kukusudia tu. Hapo sina mjadala. Anayevaa ndiye aamue lini moyo wake utoke. Saa ya Apple ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa hivyo: unaweka vidole viwili kwenye kioo ndipo mapigo yako yanamfikia mwenzako. Mkono ukitetemeka, unajua mtu amekukumbuka sasa hivi. Usipotetemeka, hujaambiwa kitu, kwa hiyo usimwamshe dada yako Gulu.

Mama aliivua siku ileile. "Sitaki kuvaa kifo mkononi," akasema, na ilinichukua miezi minne kumshawishi aivae tena. Siku hizi baada ya swala ya isha ananigusa mara mbili, namjibu mara mbili, analala. Asipogusa, nampigia asubuhi kama watu wote. Juzi aligusa mara tano mfululizo, nikampigia mbio. Kumbe alikuwa anaua mbu. Tukaongea saa nzima.